Karakana ya Mrefu na Bubu

2 Februari

Dada,

Kama umekaa, simama, maana barua hii haisomwi na mtu aliyekaa. Katika mji huu mzima hakuna kichwa kama changu. Kama kipo, basi bado kiko tumboni kwa mama yake, na kikitoka kitakuja kuniomba kazi. Wale walimu walionitoa kidato cha pili wakisema kichwani mwangu mna maranda, wape salamu zangu. Waambie yule mtoro sasa ni mkurugenzi.

Mkurugenzi wa nini? Tulia, nafika. Unajua nilikuja huku kufagia ukumbi wa michezo. Basi jioni wanakuja wastaafu, makarani, na mama mmoja daktari wa meno, wanacheza mchezo unaitwa pikoboli. Chukua tenisi, punguza uwanja mpaka wazee wasiishiwe pumzi, shusha wavu, na mpira uwe wa plastiki wenye matundu kama chujio. Hawapigi kwa raketi ya nyuzi. Wanapiga kwa kibao chenye mpini, ungekiona ungekikatia vitunguu. Vibao hivyo vinatoka ng'ambo, na chako kikivunjika unakaa benchi miezi unangoja kingine. Siku moja nikamkuta mstaafu mmoja amekaa ameshika mpini mtupu kama mtu aliyefiwa. Nikajiuliza, kwani mimi si mtoto wa seremala?

Sasa nina karakana. Ina dirisha la kioo linalotazama barabara. Nina wafanyakazi wawili. Mmoja tunamwita Mrefu, yeye anakata. Mwingine ni Bubu, anapiga msasa na hafungui kinywa mpaka chakula kifike. Mimi nasimama juu yao mikono nyuma, kama Baba alivyokuwa anasimama juu yangu.

Msomee Baba taratibu, usimeze maneno. Mwambie yule mwanawe aliyeshindwa kunyoosha mguu wa kigoda anauzia madaktari. Simu usipige, yangu ilitumbukia kwenye ndoo. Majibu mpe dereva wa lori la saruji, yule akipita huko. Mimi na yeye ni damdam.

Ni mimi,
Mkurugenzi Mkuu (zamani Mdomo)


21 Februari

Mdomo,

Nimesoma nikiwa nimekaa, mguu kwenye cherehani, na sikuanguka. Debe tupu haliachi kuvuma. Kibao pekee ulichokuwa unakijua wewe ni cha shavuni, na ulikuwa unakipokea vizuri.

Lakini sikuandikii kwa ajili yangu. Baba ameniambia nimsomee barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilitaka kuruka pale pa Bubu, akanikamata, "Umeacha mtu hapo." Kesho yake alikuja yule mzee muuza misumari, nikaitwa niache kushona nikasome tena. Baba alikuwa anatazama ukutani kama hasikii, na midomo yake inatamka pamoja na mimi.

Anauliza unatumia gundi gani. Anasema tabaka za plaiwudi zipakwe gundi pande zote mbili, zibanwe kwa jiliwa mpaka kesho yake, na mtu asizisogeze hata nyumba ikiwaka moto. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Anauliza pia unabana kwa kitu gani.

Kifua chake kimekaza kidogo. Unga wa mbao wa miaka yote ile naona umeamua kuhamia humo. Usiku analala ameegemea mito. Ananiambia nisikuandikie hilo, kwa hiyo hujalisoma.

Unakuja lini?

Dada yako


14 Machi

Dada mpendwa, fundi nguo wa wafalme (ambao bado hawajafika),

Gundi natumia ile ngumu ya kopo la chuma, Baba asiwe na wasiwasi. Na kubana, mwambie nina majiliwa ya chuma sita, yamepangwa ukutani kama askari. Mrefu anayapaka grisi kila Jumamosi. Juzi Bubu alibana kidole chake na hata hapo hakusema neno, aliandika kwenye unga wa mbao: "aa."

Kazi ni nyingi mpaka nalala nayo. Yule mama wa meno amechukua kibao, na karani wa benki kimoja, na mstaafu wangu wa mpini mtupu nilimpa cha kwanza kabisa. Akikishika anakitingisha kama anampima mtoto uzito. Sasa sikia kubwa: mwezi wa sita kuna mashindano hapa ukumbini. Chama chao kinataka vibao vya wachezaji wote vitoke mahali pamoja. Mahali gani tena, dada? Kwani wana ndugu mwingine?

Nitakuja baada ya hapo. Nitakuja na gari, nipige honi tangu kule kwenye kona ya kinu, mpaka kuku wa muuza misumari watage kabla ya wakati. Kifua cha Baba sijakisoma, kama ulivyosema. Lakini mchemshie maji ya moto ajifukize, na yale maranda chini ya kitanda chake yafagie, nayajua, yapo.

Mkurugenzi, Mwenye Majiliwa Sita


3 Aprili

Mdomo,

Baba alilazwa. Sasa yuko nyumbani. Daktari alipomuuliza kazi, hakusema seremala. Alisema, "Mimi ni baba wa mtu mwenye karakana." Daktari akaandika sijui nini.

Kiti chake nimekileta dirishani. Kila anayekuja kumjulia hali anatoka hapa anajua habari za Mrefu na Bubu. Muuza misumari alisema utani kwamba vijana wa siku hizi wana majiliwa ya mdomoni. Baba hakumpa mkono wakati wa kuaga. Wametoka mbali wale wawili, unajua, tangu ujana, na sasa mzee wa watu akipita anapunguza mwendo hapo mlangoni, halafu anaendelea.

Anasema: mpini usiuzungushe kwa utepe kabla ya kuupiga msasa mdogo, mkono wa mtu una macho. Anasema: usiwapunguzie bei marafiki, watakudharau wao kwanza. Anasema Bubu umpe kitambaa cha puani, yeye hakujua mapema.

Hapa chini naandika kwa herufi ndogo, kwa sababu akiichukua karatasi kuipapasa haoni herufi ndogo. Njoo. Nimemwambia nikuite, amekataa. Anasema mtu mwenye wafanyakazi hatoki kwa ajili ya kikohozi. Mimi nakuita. Usiulize sana, njoo.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Nimeweka karatasi mbili. Ile yenye mhuri wa kiazi niliouchonga mwenyewe ndiyo ya kumsomea Baba. Humo kuna mashine mpya ya kukata mviringo, na Mrefu amepata mchumba. Hii usiisome kwa sauti. Kaa jikoni, funga mlango.

Hakuna Mrefu. Hakuna Bubu. Hakuna dirisha la kioo. Kuna chumba nyuma ya gereji ya magari, kina tundu la hewa ambalo paka anapita akijikunja. Simu haikuingia kwenye ndoo, iliingia kwenye plaiwudi. Niliiuza.

Na majiliwa sina. Nilikuwa napaka gundi, naweka vibao chini ya godoro, nalala juu yake. Nikajisifu kwamba mimi ndiye jiliwa la kwanza duniani linalokoroma. Basi dada, vikatoka vimepinda. Vimechukua umbo la mgongo wangu. Nikipotea leo mnitafute kwa vibao. Unapiga mpira uende mbele, unakwenda kwa jirani. Mama wa meno alinirudishia chake, akaniambia kwa upole, "Kijana, kibao chako kina mawazo yake." Karani wa benki hakuwa na upole. Mstaafu peke yake ndiye hakurudisha, anasema amezoea kusimama upande, naona ananionea huruma tu.

Cheka, ruhusa unayo.

Umeniita, na nimesikia. Lakini nitaingiaje hapo? Baba ameshamtangazia kila mwenye masikio. Nishuke kwenye lori la saruji na ufagio? Muuza misumari atacheka mpaka ang'oke meno, na Baba atakuwa ananitazama. Mkono mtupu haulambwi. Nipe mpaka mashindano. Nikipata kazi ile moja tu, ile ya kweli, nitakuja na kitu cha kumwekea mkononi, na uongo wote wa nyuma utakuwa umelipwa. Kifua si kitu cha siku moja, Baba ni mgumu, yule amebeba milango ya msonobari mgongoni.

Mdomo


9 Mei

Mdogo wangu,

Nilifunga mlango wa jikoni. Sikucheka. Yaani pale pa mpira kwenda kwa jirani nilicheka, halafu nikasikia anakohoa upande wa pili, nikanyamaza.

Nilimsomea ile yenye mhuri. Habari ya mchumba wa Mrefu ilimpendeza sana, akauliza kama msichana ni mrefu pia. Halafu nikachukua ile nyingine mfukoni. Nilikuwa nimeamua. Nilisema, "Baba, kuna karatasi ya pili." Akageuza uso kuja kwangu, na uso ulikuwa kama wa mtoto anayengoja kuongezewa chakula. Nikasema, "Salamu tu. Anakusalimia tena." Usinilaumu, na mimi sitakulaumu, ila sasa tuko wawili.

Mkono mtupu haulambwi, unasema. Baba si paka. Hataki kulamba mkono wa mtu, anataka kuushika. Sasa hainuki kitandani. Nikimgeuza simhisi uzito, na wewe unajua alivyokuwa. Juzi nilimwuliza waziwazi, "Baba, nimwite?" Akasema, "Ukimwita atakuja, yule ana moyo mwepesi. Atafunga karakana. Wale vijana wawili watakula nini?"

Nenda ukayajibu hayo wewe, mimi yamenishinda.

Ndani ya kifurushi kuna aproni mbili. Ni kitambaa cha turubai, ameniambia nikate koti lake la kazi. Ya Mrefu nimeishusha chini ya goti, Baba alinipimia kwa mkono kutoka kitandani. Ya Bubu ina mfuko kifuani wa penseli, kwa sababu asiyesema lazima aandike. Alitaka kushona vifungo mwenyewe. Cha kwanza alikishona. Utakiona, kimekaa upande.

Njoo. Usije na gari, usije na honi. Njoo na ufagio.

Dada yako


31 Mei

Dada,

Kifurushi kilifika jana, lori lilichelewa. Nilikifungua pale gerejini mbele ya fundi wa magari, jirani yangu, mtu mwenye mikono ya mafuta na maneno machache. Akauliza, "Za nani hizi?" Nikasema za wafanyakazi wangu. Akachungulia chumbani kwangu, akaona godoro na ndoo. Baadaye akaja na majiliwa yake mawili makubwa ya chuma, akayaweka chini, akasema, "Wape wafanyakazi wako."

Kwa hiyo sasa nabana kweli. Nimefuata kila neno la Baba, pande zote mbili, mpaka kesho yake, sisogezi. Vinatoka vimenyooka, dada. Nimeweka kimoja mezani na mpira juu yake, mpira umetulia tuli kama mgeni. Mashindano ni Jumamosi ijayo, tarehe tano. Nimeahidiwa meza pale mlangoni. Siku moja tu. Jumapili niko barabarani, kwa lori, kwa miguu, kwa chochote.

Karatasi ya mhuri leo sijaandika. Nilijaribu. Mwambie tu Mrefu na Bubu wanashukuru, na kwamba aproni zimewatosha. Mwambie kile kifungo cha upande ndicho Bubu alichokipenda.

Nashindwa utani leo. Jumapili.

Mdogo wako


4 Juni

Mdogo wangu,

Sasa huna haja ya kuharakisha. Njoo taratibu, angalia njia.

Ilikuwa alfajiri. Tunamzika kesho. Nimetuma mtu akatafute gari lolote linalokuja huko, ameambiwa lori la saruji limeharibika, kwa hiyo sijui barua hii itakukuta lini. Namba ya huo ukumbi wenu hakuna anayeijua hapa.

Muuza misumari ndiye aliyetengeneza sanduku. Hakutaka mtu amsaidie. Alipokuwa anapigilia alikuwa anamweleza Baba kwa sauti mahali anapoweka kila msumari.

Dada


2 Julai

Dada,

Nimerudi mjini salama. Ulinikataza kuandika mpaka nipumzike, lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kupatana.

Ulipokuwa nami hapo hukuniuliza habari za mashindano, na mimi sikuwa na kinywa. Acha nikuambie sasa. Vibao vilikwenda vyote. Mpira ulikwenda mbele, mbele kabisa, unapotumwa. Mama wa meno alikuja mezani, akakishika kimoja, akakigeuza, akauliza nani amenifundisha kubana. Nikasema, "Baba yangu, kwa barua." Akasema, "Mpe hongera zake." Nikasema nitampa. Hiyo ilikuwa Jumamosi, dada. Nilikuwa nacheka na watu pale mlangoni. Hesabu mwenyewe, mimi sitaki. Barua yako niliipata Jumatatu, nimeshafunga mzigo kwa sababu gari la Jumapili nililikosa nikiwa bado na kiburi cha jana yake.

Chama kimeniagiza vibao vya mwaka mzima. Kwa hiyo ile kazi moja ya kweli nimeipata. Fundi wa magari ananitobolea dirisha ukutani, anasema mtu hawezi kuuza kitu gizani. Wiki ijayo kuna kijana atakuja kujaribiwa kupiga msasa. Ni mfupi, na anasema kama redio. Kitambaa cha puani nimeshamnunulia.

Ungefurahi, kama si ile jioni hapo nyumbani. Najua ulinisikia. Ulikuwa jikoni, sufuria zikanyamaza. Watu walinipa kiti cha Baba pale dirishani, wakanishika mkono kama mtu mzima, na muuza misumari, macho mekundu, akaniuliza, "Na Mrefu? Hakuweza kuja kumzika mzee? Alikuwa anamtaja mno." Nilifungua kinywa niseme. Nikasema Mrefu amebaki, analinda karakana, amelia sana. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema, "Ni mtoto mwema, huyo." Na wewe uliingia na chai, ukamwekea yeye kwanza, kisha mimi, hukunitazama.

Tangu nirudi nimekuwa najitetea humu chumbani. Nimelilaumu lori. Nimemlaumu daktari, na mashindano, na wewe pia, nisamehe, kwa ile karatasi ya pili. Nimejiambia nisingekuwa maskini ningekuja mapema. Si kweli. Fundi wa magari angenipandisha kwenye gari lolote siku yoyote, ningemwomba tu. Gundi haikuniponza, na kupinda kwa vibao si msiba, mtu anabana upya.

Wewe hukuniamini hata siku moja, kwa hiyo uliniita. Baba aliniamini. Kama ningemwandikia mwezi wa pili, Baba, mwanao analala juu ya vibao na vimepinda, unamjua, angepata nguvu ya kukaa kitandani anitukane. Angesema, "Mleteni huyo mjinga hapa nimwonyeshe." Na mimi ningekuja siku ile ile, mbio, nikiogopa kofi, na angekuwa bado ana mkono wa kunipiga.

Nilidanganya vizuri mno, dada. Mzee wangu aliniamini, akaona haya kunisumbua, akafa bila kuniita.

Mdogo wako